Mhindi wa Ukutani

Bula Iftin, Garissa
12 Februari 2023

Abaayo Wanjugu,

Salamu nyingi, na nyingine juu yake kwa sababu najua utalalamika kwamba ni chache. Mimi mzima, alhamdulillahi, isipokuwa nyonga ya kulia ambayo imeamua kuishi maisha yake. Masikio yako je? Mwanao Gichuki aliniambia kwenye simu kwamba sasa husikii hata kengele ya kanisa, ndiyo maana nimeshika kalamu. Kuandika kwa simu siwezi, kidole changu kimoja hugusa herufi tatu. Barua hii nampa Liban, kondakta wa basi, aishushe Thika. Ukijibu, mpe yeye huyo huyo akirudi.

Nimeshazoea kuwa nyumbani, au niseme nyumbani pamenizoea. Tangu Sagal, binti ya kaka yangu Daud, alipokuja Nairobi kunichukua baada ya mazishi ya mume wangu, sijakosa kitu. "Eddo," aliniambia, na eddo kwetu ni shangazi kama vile abaayo ni dada, "mtu hazeeki kwa majirani." Nina chumba, nina maziwa ya ngamia kila asubuhi, nina feni inayozungusha joto lile lile. Lakini hapa mimi ni nesi, Wanjugu.

Usicheke. Nilipotoroka kwenda Nairobi nikiwa msichana, Daud aliutangazia mji kwamba nimekwenda kusomea unesi. Alikuwa anamsitiri mama, na mama alikufa akiwa na binti nesi. Sasa wanawake wananiletea watoto. "Sista Arbia, tazama huyu koo lake." Nawaambia wote wanywe maji na waende hospitali, na sifa yangu inazidi kukua: nesi asiye na haraka ya sindano.

Juzi tulikwenda harusi. Unajua harusi zetu, wanawake peke yao, mlangoni kuna ndoo ya kuwekea simu ili mtu avue mtandio bila kuogopa picha. Ngoma zikapigwa, akasimama Sahro, mtunzi wetu. Yeye husifu koo moja baada ya nyingine, na akikutaja unaingia ulingoni kucheza. Mtu hajipeleki. Huitwa. Alipofika kwa baba yangu alitaja wajukuu wote, halafu akasema, "na nesi wetu, aliyepoza homa za Nairobi." Ukumbi mzima ukanigeukia. Sagal akanisukuma begani. Mimi nikakaa. Niliondoka hapa nikiwa na kiu ya kucheza mbele ya watu wangu, nimerudi nayo ikiwa na mvi, na siku ya kuitwa ameitwa mwanamke mwingine. Nataka kitu kimoja tu kabla nyonga hii haijafunga duka: waniite mimi.

Na bado sijakwambia la ajabu. Wasichana walicheza kitu wanachokiita Mhindi wa Ukutani. Bega linashuka, hatua za kurudi nyuma, shingo inageuka kutazama mgongoni. Wanjugu, ni yangu! Ni ile ya picha ya bustani, ya sinema yetu. Ila wakifika pale pa kugeuka wanaruka ghafla kama walioumwa na siafu, wanatua wakiwa wametazama mbele. Nikamuuliza msichana aliyekaa karibu nami hiyo ngoma ni ya nani. Akasema ni ya mwigizaji wa Kihindi wa zamani, Miss Gulnar, bibi zao walimwona kwenye sinema ya ukutani. Nilikuwa na sambusa mdomoni, nusura inizike.

Niambie wewe uliyekuwepo. Kwa nini wanaruka? Sisi hatukuruka.

Abaayo wako,
Arbia


Thika
1 Machi 2023

Kwako Bibie,

Bwana asifiwe, na wewe useme amina kwa namna yako. Mimi nipo. Magoti yapo, meno mengine yapo, masikio ndiyo yamehama. Wajukuu wananiandikia kwenye ubao mdogo wa jikoni: BIBI CHAI. BIBI TUNATOKA. Ikifika jioni wote wamekaa mezani, wanacheka, midomo inakwenda, na mimi niko pale kama mtu aliyefungiwa ndani ya chupa. Hakuna anayeandika ubaoni kichekesho kilikuwa nini. Kwa hiyo barua yako niliisoma mpaka mjukuu wangu Martin akauliza kama ni Biblia.

Sista Arbia! Wewe uliyezimia nilipojichoma kidole na sindano ya kushonea! Mungu awalinde watoto wa Garissa.

Kuhusu Uhindi, usiwalaumu. Bwana Chunilal, mwenye sinema zetu, alikupaka poda mpaka rangi yako ikabaki masikioni tu, akakuvika wigi la kufika kiunoni, akakubatiza Miss Gulnar kwa sababu eti Arbia halikai vizuri kwenye bango. Hata mama yako angekupita bila kukujua.

Sasa sikiliza, kwa sababu hili nalikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Katika picha zote tulizofanya na yule mzee nilikuwa mjakazi, na nilikuwa na maneno mawili: "Ndiyo, Bibie." Nilibeba trei mpaka mkono ukapinda. Isipokuwa picha ya bustani. Pale unashusha bega, unarudi nyuma, unageuka, na nyuma yako natokea mimi kwenye yale maua ya karatasi. Wewe umeshanyoosha mkono wa kulia bila kutazama, kama unayejua nitakuwepo. Naweka trei chini, nakushika, tunazunguka pamoja, tunatoka. Bwana Chunilal alitaka uzunguke peke yako. Wewe ulikataa. Ulisema Bibie hawezi kuwa na furaha na hakuna wa kuishika naye. Ndiyo mara yangu ya pekee kucheza mbele ya kamera. Mama yangu alitoka kijijini kuja kuiona, akasema yule wa pili ni bora.

Hakuna kuruka popote. Waambie. Tena waambie wewe ni nani, usikae hapo kutazama makoo ya watu.

Mjakazi wako, ambaye ni dada yako,
Wanjugu


Bula Iftin, Garissa
19 Machi 2023

Abaayo Wanjugu,

Assalamu alaykum, na salamu kwa wote walio mezani, hata hao wasioandika vichekesho. Waambie ni amri yangu: kila kicheko kiandikwe. Mimi niko salama, joto ndilo linalotutafuna, na Ramadhani iko mlangoni.

Nilimwambia Sagal. Nilichagua wakati mzuri, tunachambua mchele, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Yule Mhindi wa ukutani ni mimi." Alicheka mpaka mchele ukamwagika. "Eddo, yule alikuwa Mhindi!" Akamwita jirani, mama mmoja muuza nyama ya ngamia hapo soko la Suuq Mugdi, na jina lake, ushike kiti, ni Gulnar. Mama yake alimpa jina langu kwa mapenzi ya kuniona ukutani. Gulnar akanikagua juu hadi chini, akasema mama yake alimwambia nywele za Miss Gulnar zilifika kiunoni. Akatazama kichwa changu kwa huruma. Basi ikawa mzaha wa siku hiyo, nesi anayejidai mcheza sinema.

Jioni Daud akaniita. Anaumwa figo, amekuwa mwembamba, mchana kutwa yuko juu ya mkeka wake ukumbini. Alikuwa amesikia. Hakunikaripia. Alisema tu, "Arbia, usinivue nguo mbele ya watoto wangu." Nikambusu mkono, nikarudi chumbani.

Wewe utasema mimi mwoga. Lakini huyu ndiye aliyeniletea viatu nilipokuwa mdogo, na uongo wake aliubeba miaka yote hii kwa ajili ya mama, na nikiuvunja sasa atakwenda kaburini akiwa mwongo wa mji. Mimi nitakuwa nimepata ngoma moja. Nimepima, nimenyamaza. Ila nakwambia wewe, kwa sababu hapa sina wa kumwambia: kuna upweke wa kukosa watu, huo niliuonja Nairobi, na kuna huu wa kukaa katikati ya damu yako wakimpenda mtu ambaye siye wewe. Huu ni mchungu zaidi.

Abaayo wako,
Arbia


Thika
10 Aprili 2023

Kwako Bibie,

Heri ya Pasaka kutoka kwangu, na funga njema kwako. Afya yangu ni ile ile, usiulize.

Umenyamaza! Wewe uliyemrushia Bwana Chunilal kiatu mbele ya wapiga vyombo kwa sababu alimwita mpiga tarumbeta mjinga! Nimeisoma barua yako, nimekasirika, nikaenda kupalilia sukuma wiki, nimerudi, bado nimekasirika. Lakini Daud ni kaka yako, na mimi kaka zangu wote wameshazikwa, ningenyamaza kwa ajili ya yeyote kati yao kama wangerudi hata kwa chai moja. Basi nyamaza. Ila usife ukiwa nesi, nakuomba.

Wameanza kuandika vichekesho ubaoni. Havichekeshi. Nacheka.

Dada yako,
Wanjugu


Bula Iftin, Garissa
6 Agosti 2023

Abaayo Wanjugu,

Salamu zenye machozi. Natumaini uko salama wewe na nyumba yako. Sisi tumepungua. Kaka Daud ametangulia mbele ya haki siku ya Ijumaa, na kimya changu cha miezi hii ni kwamba nilikuwa kitandani pake. Nesi wa uongo alifanya kazi ya kweli mwishowe: nilimwosha, nilimlisha, nilimgeuza.

Nina jambo la kukwambia, na ni lako pia.

Wiki moja kabla, mchana, wengine wamelala, aliniuliza bila kufungua macho, "Arbia, pale ulipogeuka, baadaye ilikuwa nini?"

Nikadhani ni homa. "Wapi, kaka?"

"Ukutani. Kwenye bustani."

Wanjugu, aliiona! Picha ilipoletwa Garissa, ikaonyeshwa kwenye ukuta wa nyuma wa ghala moja la sukari, rafiki yake ndiye aliyekuwa akiendesha mashine. Mtu fulani kutoka Nairobi alikuwa amemwambia Daud kwamba mwishoni mwa ile ngoma kuna mtu anakuja kunishika mkono. Daud akamwomba rafiki yake akikate kile kipande kabla mji haujakaa kutazama. Akakikata, akaunganisha ncha mbili. Ndiyo sababu Mhindi anageuka na papo hapo anatazama mbele. Wasichana wa Garissa wanacheza mkasi wa kaka yangu.

"Hukukitazama kabla ya kukikata?" nikamuuliza.

"Ningetazamaje dada yangu akishikwa na mwanamume?"

Nikamwambia hakuwa mwanamume. Nikamwambia alikuwa Wanjugu, msichana wa Kikuyu, amebeba trei, na kwamba tulizunguka pamoja tukatoka. Machozi yakamtoka pembeni, yakaingia masikioni, nikayafuta. "Basi hakikuwa kitu kibaya," akasema. "Kilikuwa kizuri, kaka," nikamjibu.

Wakati wa matanga alikuja Sahro, yule mtunzi, akakaa karibu nami kwenye mkeka. Akanong'ona, "Sasa mwenye siri amepumzika." Nikamtazama. Akasema, "Sisi wazee tulikujua tangu ulipokuwa ukutani. Msichana anayechota maji na wewe anakosaje kulijua bega lako? Lakini Daud alisema nesi, nasi tukasema nesi. Tulikusitiri." Sitara, Wanjugu! Mimi namsitiri yeye, wao wananisitiri mimi, kila mtu ananifunika shuka kwa mapenzi mpaka nikakosa hewa. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Nilimkumbatia.

Jumamosi ya mwisho ya Novemba, alasiri, tunamwoza Iftin, binti ya Sagal. Sahro ameniambia niitayarishe nyonga. Njoo, walaal, ndugu yangu. Njoo ukae nyuma yangu, na nikigeuka utokee. Usiniletee habari ya masikio. Ngoma yetu huingia kwa nyayo.

Abaayo wako,
Arbia


Thika
2 Septemba 2023

Kwako Bibie,

Pole sana kwa kaka. Mungu amlaze pema. Nimewasha mshumaa, na kama hamwashi, umewashwa tayari.

Niliposoma "ningetazamaje dada yangu akishikwa na mwanamume" nilicheka peke yangu jikoni, mimi na ndevu zangu hizi mbili za kidevuni, nimekatwa kwa kudhaniwa bwana. Halafu nikalia. Kwa hiyo Garissa nzima inacheza, mama kwa mtoto, na mahali wanaporuka ndipo nilipokuwa mimi. Sikujua kama mtu anaweza kukumbuka kukosekana kwake. Simlaumu Daud. Alikuwa na hofu yake. Lakini ile ndiyo ilikuwa yangu peke yake, Arbia. Zile nyingine zote nilikuwa trei.

Gichuki anasema hapana. Barabara ni ndefu, mimi ni kiziwi, huko ni mbali, maneno mengi ubaoni. Nimechukua chaki nikaandika chini yake: NAENDA. Nimenunua trei. Si ya fedha kama ile, ni ya plastiki, ina picha ya nanasi. Utanisamehe.

Weka mkono pale pale ulipokuwa. Mimi nitaukuta.

Mjakazi wako na dada yako,
Wanjugu


Bula Iftin, Garissa
27 Novemba 2023

Wanjugu,

Salamu. Natumaini hujambo. Mimi sijambo kwa mwili.

Mvua imetufanya kisiwa, mto Tana umepanda hadi mashambani, na barua hii itangoja basi. Naandika hivyo hivyo kwa sababu nikilala nayo itaniuma.

Tulimwoza Iftin. Simu zikaingia ndoo, mitandio ikashuka, udi ukawaka. Sahro akasimama. Alisifu upande wa bwana harusi, akasifu wetu, halafu ngoma akazituliza kwa kiganja na kusema maneno haya, ambayo kwa Kiswahili yanapoteza chumvi yote:

Walimwita Mhindi, tukanyamaza,
walimwita nesi, tukanyamaza.
Aliyesitiriwa leo na asimame:
Arbia binti Guleid, shuka ukutani, uje ulingoni.

Wazee wote wakapiga vigelegele kwa pamoja kama waliokuwa wamevizuia tangu ujana wao. Ungemwona Sagal! Ungemwona Gulnar wa nyama ya ngamia, ameshika mashavu! Nikasimama. Nyonga ikasema hapana, nikaiambia wewe si Gichuki, twende. Bega likashuka. Nikarudi nyuma. Wakaanza kulia wale wa umri wangu. Nikageuza shingo, na pale wanaporuka, sikuruka. Nilinyoosha mkono wa kulia nyuma yangu bila kutazama.

Hukuwepo.

Nilikuwa nimemwuliza kila aliyeingia kama kuna mama wa Kikuyu mlangoni. Nilijua hukuwepo. Lakini mkono ulikuwa umeahidiwa, ukaenda. Nikangoja. Ngoma zilikuwa zinalia, Sahro anashikilia sauti yake, na hakuna mtu katika ukumbi ule aliyejua kwamba hapo huja mtu. Iftin alitazama mkono wangu kama anayefikiri nataka fimbo. Mwishowe nikaurudisha, nikazunguka peke yangu kama alivyotaka Bwana Chunilal, nikamaliza. Walinituza kwa kunifunika mashali mpaka nikashindwa kuona.

Nimepata nilichokiomba. Nimeitwa, kwa jina langu, na watu wangu. Nikaja kukaa kitandani na mashali yote yale mabegani, na nilikuwa mpweke kuliko nilipokuwa nesi. Ungesema tu kwamba huji. Ningekunja mkono.

Arbia


Thika
26 Novemba 2023

Kwako Bibie,

Bwana asifiwe. Mimi niko salama nyumbani, kabla ya lolote ujue hilo, ingawa kifua kimeshika baridi.

Nilikuja. Nataka ulijue hilo kabla hujakasirika, kwa maana nakujua. Gichuki alikubali kwa sharti la kuja nami, tukapanda basi la Liban, trei kwenye kikapu. Tulipokaribia Madogo, ng'ambo ya Tana kutoka kwenu, basi likasimama. Mbele hakukuwa na barabara. Maji tu, rangi ya chai ya maziwa, na vichwa vya miti. Watu walikuwa wanapanda vimashua na magodoro na mbuzi wao. Liban aliona sisikii, akachukua kipande cha boksi akaniandikia: MAMA MAJI MINGI SANA. BASI HAPANA FUKA. RUDI NYUMBANI.

Nilishuka. Nilivua viatu, nikaingia mpaka magotini, nikidhani nitapanda mashua kabla Gichuki hajaniona. Aliniona. Alinibeba kama gunia, mbele za watu, na mimi nampiga na trei. Tulilala ndani ya basi na nguo mbichi, asubuhi tukarudi.

Lakini jana saa za alasiri, saa uliyosema mnacheza, niliwafukuza wote jikoni. Nikasimama nyuma ya mlango wa stoo. Sina sauti ya kunionyesha wakati, nikajikadiria tu. Nikaweka trei chini, nikanyoosha mkono wangu. Nilikuhesabia umegeuka. Kama ulihisi kitu, ni mimi.

Harusi nyingine itakuja. Hakuna mji usio na wasichana. Maji yakishuka na kifua kikitulia, nakuja, na safari hii Gichuki tutamfungia stoo.

Dada yako,
Wanjugu


Bula Iftin, Garissa
9 Juni 2024

Abaayo Wanjugu,

Salamu nyingi, na nyingine juu yake, na nyingine tena juu ya hiyo. Mimi mzima, alhamdulillahi. Nyonga sasa inatembea na fimbo. Kifua chako je?

Barua zetu za Novemba zilipishana majini. Yako ilipofika nilitamani kumkimbilia Liban basi linapoondoka, nimnyang'anye yangu. Niliandika mara moja kukuomba radhi. Nikaandika tena Ramadhani, nikakutumia na tende. Liban anasema aliziacha zote Thika, na kwamba hakuna aliyeleta kitu cha kurudisha. Namuuliza kila basi likirudi, mpaka sasa akiniona anatikisa kichwa kutoka mbali ili asinichoshe kutembea.

Gichuki amepiga simu. Amepiga mara nyingi. Naliona jina lake linawaka, naiweka simu chini ya mto. Sagal anasema, "Eddo, pokea." Namwambia kama ni habari ya kifua kupona, Wanjugu ataniandikia mwenyewe, yeye si mtu wa kutuma salamu kwa mdomo wa mtu. Sagal ameacha kusema. Juzi nilimkuta anaongea na simu uani, ameshika mdomo, aliponiona akakata. Amekuwa akinipikia mikate ya anjera laini sana tangu siku hiyo, na anakuja kulala chumbani kwangu bila kuombwa. Anadhani sijui kusitiriwa kulivyo.

Nataka kukwambia kitu kimoja, halafu nimpe Liban hii.

Wiki iliyopita tulikuwa harusini kwa binti ya Gulnar. Siku hizi nawekwa kiti cha mbele, hakuna anayeniletea koo la mtoto tena. Wasichana wakasimama, wakaanza Mhindi wa Ukutani. Bega, hatua za nyuma, shingo. Nikangoja waruke. Hawakuruka, Wanjugu. Wote, mstari mzima, walinyoosha mkono wa kulia nyuma yao bila kutazama, wakangoja. Ngoma zikapita juu yao. Kisha wakaurudisha mkono, wakazunguka kila mmoja peke yake, wakamaliza. Na mtoto mmoja pembeni, mdogo, hata ngomani hajaitwa, naye alikuwa amenyoosha wake.

Nilimvuta mmoja aliporudi kukaa, anaitwa Ramlo, jasho linamtiririka. Nikamuuliza, "Hapo mnapongoja, mnangoja nini?"

Akanitazama kwa mshangao. "Eddo, hapo hungojwa tu. Si ndivyo ulivyocheza wewe?"

Nilitaka kumwambia. Nilifungua kinywa nimwambie kuna mtu na trei, anatoka kwenye maua ya karatasi. Nikaona nikimwambia leo, kesho watamtafuta msichana wa kusimama nyuma, na mahali pako patajazwa. Nikasema, "Ndivyo."

Kwa hiyo mahali pako pako wazi. Mji mzima unakunyooshea mkono na haujui ni wewe. Barabara ni kavu sasa, basi linavuka. Njoo hata bila trei.

Abaayo wako,
Arbia